Kabla hujaandika bei kwenye kitu cha zamani, soma hii kwanza

Leo tuongelee kuuza kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui. Yamenikuta mimi hapa Pasiansi, na nusura nigawe bure hela ya kodi ya fremu ya miezi mitatu.

Nauza vitu vya nyumbani vilivyotumika: feni, redio, saa za ukutani, stuli. Kuna mama wa mtaani kwetu alikuwa anahamia kwa binti yake Sengerema, akaniita nichukue vitu. Chini ya kitanda kulikuwa na boksi la santuri za marehemu mumewe, nikahesabu 31. Akasema, "Toa elfu thelathini, mwanangu, ubebe." Nikabeba. Mashine ya kupigia sina, na akili yangu ilikuwa kwenye mapambo tu, maana wanaofungua saluni siku hizi wanazibandika ukutani. Nikazipanga chini, nikapiga picha moja, nikaandika: "Sahani za mapambo, 5,000 moja."

Nusu saa haikuisha, kaka mmoja wa Dar akaja inboksi. Hakuuliza bei. Hakuuliza "mwisho ngapi boss". Aliandika: "Ya tatu kutoka kushoto, naomba picha ya lebo ya katikati, na picha ya nyuma ya kava."

Jamani, mteja akikuuliza swali usilolielewa, usikimbilie kujibu. Anajua kitu ambacho wewe hukijui. Nikamwambia naomba mpaka kesho, nikaitoa ile sahani kwenye tangazo.

Kavani imeandikwa Sunburst, Ave Africa. Sikuwahi kuwasikia. Usiku ule bando langu liliisha kwa kusoma. Kumbe Sunburst ni bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 70, vijana waliokuwa wanachanganya funki, soul na roki na midundo ya kwetu, na mtindo wao wakauita Kitoto. Hii ndiyo albamu yao pekee, ilitoka Zambia mwaka 1976, na baada ya hapo bendi ikasambaratika. Sisi tuliozaliwa juzi tunajua muziki wa zamani ni rumba na dansi la redioni basi, hawa wamesahaulika. Halafu mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ikaitoa albamu upya, na watu wa nje wakaanza kuitafuta ile ya mwanzo kwa tochi.

Sasa nikawa na swali: hii niliyonayo ni ya 1976 au ya 2016? Hapa ndipo wengi tutapigwa au tutapiga wenzetu bila kujua. Angalia nyuma ya kava: ukiona ile mistari ya bakodi, au anuani ya tovuti, hiyo si ya 1976, hata kava liwe limechakaa vipi. Angalia lebo ya katikati, kuna namba. Halafu iinamishe sahani kwenye mwanga: karibu na lebo, pale ambapo mifereji ya muziki imeisha, kuna namba zimechorwa kwenye plastiki yenyewe. Hizo namba ukiziandika kwenye tovuti ya Discogs unaona matoleo yote. Na ukiwa pale angalia bei ambazo zimeuzika kweli, siyo bei ambazo watu wanaomba. Kuomba hata mimi naweza kuomba milioni.

Yangu ilikuwa ya mwanzo. Nilikaa chini.

Kosa la pili nilikuwa karibu kulifanya asubuhi yake. Nimeshaandika "ipo kwenye hali nzuri sana", nikajiuliza nimejuaje wakati sijaisikia? Nikaenda kwa fundi redio mmoja Kirumba mwenye pleya inayofanya kazi. Upande wa kwanza safi, na kile kinanda kinavyoingia, fundi aliacha kuchomelea akasikiliza. Upande wa pili kuna wimbo unaruka mara mbili. Nikarekodi kipande hicho hicho kinachoruka, nikamtumia mteja pamoja na picha za mikwaruzo. Niliomba 450,000. Akasema kwa sababu inaruka atatoa 380,000, na akalipa palepale, maana alishajua anachonunua. Ningeficha, sahani ingerudi Mwanza na jina langu lingebaki Dar.

Kuhusu kusafirisha: itoe sahani kwenye kava uziweke sambamba, maana ikiwa ndani, boksi likigongwa inachana kava. Kadibodi ngumu pande zote mbili. Isimame, isilazwe chini ya mizigo, na isikae juani hata robo saa, inapinda kama chapati. Nilimpa mtu wa basi Nyegezi mkononi jioni, sikuiacha stendi mchana. Na usizioshe kwa sabuni ya unga. Moja niliiosha hivyo siku ya kwanza, lebo ikabanduka yote.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Kaka yangu anasema biashara ni biashara, mama alitaja bei mwenyewe na mimi nikalipa. Ni kweli. Lakini yeye hakujua, na mimi sikujua, na sasa mmoja wetu anajua. Kama ningekuwa najua tangu mwanzo nikanyamaza, huo ungekuwa wizi. Nikamrushia 150,000. Wengine mtasema ni nyingi, wengine mtasema ndogo, semeni.

Akapiga simu dakika hiyo hiyo. "Mwanangu, umekosea namba?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na zile thelathini zingine?" Nikamwambia ukweli: nyingi ni Boney M. na Jim Reeves zenye mikwaruzo, zinaenda hizo hizo 5,000, siyo kila cha zamani ni mali.

"Jim Reeves usiiuze," akasema. "Nirudishie."

Nimeiweka pembeni. Anayevuka na kivuko cha Kamanga wiki hii anichek inboksi, boda ya upande wa pili nalipa mimi.