Punje, chumvi na kaa: maswali ya wapiga picha wa Maparoni

Kata ya Maparoni, wilayani Kibiti, iko ndani kabisa ya delta ya Rufiji. Mbele ni bahari, nyuma ni mikoko, na jiwe la kumtupia kunguru ni la kutafuta. Hata hivyo, maswali mengi niliyoletewa na vijana, walimu na wavuvi wa huko wanaopenda kupiga picha yanahusu madini. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi, pamoja na majibu yangu.

*Shikamoo mwalimu. Huku kwetu hakuna mlima wala mgodi. Tutapiga picha madini gani?*

Marahaba. Mlima mnao, ila umeshasagwa. Mto Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kisha Ruaha Mkuu huingia mbele kidogo. Mito hiyo hukusanya maji kutoka Mbeya, Njombe, Songea na milima ya Mahenge. Mahenge ndiko kulikochimbwa spineli kubwa ajabu mwaka 2007, sehemu za Ipanko, moja ikiripotiwa kufika kilo 52. Kwa maelfu ya miaka, kila mvua ya huko juu imekuwa ikimomonyoa miamba na kuisukuma kuja kwenu punje kwa punje. Siku hizi bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linaushika mchanga mwingi njiani. Mlio nao pwani ni wa zamani, nao una thamani yake.

Nendeni kwenye fungu la mchanga upande wa bahari maji yakishakupwa. Mkiona michirizi myeusi juu ya mchanga mweupe, msidhani ni uchafu wa injini za boti. Mawimbi huchukua punje nyepesi za kwatzi na kuacha nzito: ilmenaiti na magnetaiti nyeusi, ganeti yenye wekundu wa waridi, na zirkoni, ambayo haina rangi au ina unjano kidogo. Kwatzi ina uzito wa mara 2.65 ya maji, ilmenaiti hukaribia mara 4.7. Tofauti hiyo ndiyo inayochora michirizi. Vile vipande bapa vinavyometameta juani na kuwadanganya watoto kuwa ni dhahabu, huo ni ulanga.

Chukueni kijiko kimoja, kiosheni kwa maji baridi, kianikeni kikauke. Vunjeni spika mbovu ya redio mtoe sumaku, ifungeni kwa karatasi, kisha ipitisheni juu ya mchanga. Magnetaiti itaruka na kuganda kwenye karatasi. Mkiichomoa sumaku, punje zitaanguka zenyewe. Zinazobaki ndizo zenye rangi, na hizo ndizo za kupiga picha. Yakuti na spineli msizitarajie.

*Nina simu ya kawaida tu. Inatosha?*

Inatosha, kwa sharti moja: iwe na lenzi ya ziada mbele yake. Zipo lenzi za kubana zinazouzwa na wauza vifaa vya simu. Ukikosa, chomoa kile kilenzi kidogo kilichomo kwenye deki mbovu ya CD, kisha kishikilie kwa selotepu mbele ya kamera. Utalazimika kuisogeza simu hadi karibu sentimita moja kutoka kwenye punje, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu mkono unatetemeka. Usishike. Panga vitabu safu mbili, weka kipande cha kioo cha dirisha juu yake, laza simu kwenye kioo, mchanga ukae chini. Washa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise simu.

Baada ya hapo kazi yote iliyobaki ni ya mwanga. Jua la saa saba mchana huko delta ni kali mno, linatia vivuli vyeusi na kuunguza kila kinachong'aa. Kaa kivulini kando ya ukuta, mahali panapoona anga wazi. Punje inayopitisha mwanga, kama ganeti, imulike kwa chini: iweke juu ya kioo, karatasi nyeupe chini yake, tochi ya simu nyingine chini ya karatasi. Utashangaa, punje uliyoiona nyeusi itawaka nyekundu. Isiyopitisha mwanga, kama ilmenaiti, imulike kwa ubavuni, tochi ikiwa karibu kulala. Flashi ya simu yenyewe izime kabisa.

*Kwenye picha zangu punje moja inaonekana vizuri, jirani yake ina ukungu. Simu mbovu?*

Simu ni nzima. Kadiri unavyosogea karibu ndivyo unene wa sehemu inayoonekana vizuri unavyopungua, hadi kuwa mwembamba kuliko punje yenyewe. Hata wenye kamera za mamilioni hawaponi hapo. Wanachofanya ni kupiga picha 10, 20 au zaidi za kitu kilekile, kila moja ikilenga kina tofauti kidogo, kisha programu inachagua sehemu safi za kila picha na kuziunganisha kuwa moja. Zipo programu za bure za kompyuta zinazofanya hivyo, na baadhi ya simu mpya zinaweza. Asiye na kompyuta achague punje zilizolala bapa.

*Kwa nini mwalimu unasisitiza kuweka rula pembeni? Inaharibu uzuri wa picha.*

Piga mbili, moja ya uzuri, moja yenye rula ya milimita. Bila kipimo, punje ya mchanga na jiwe la kilo moja ni kitu kimoja kwenye picha. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mererani alipouza tanzanaiti mbili, moja ya kilo 9.27 na nyingine ya kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, picha iliyozunguka dunia ilimwonyesha ameyashika mawe yale mikononi. Mikono yake ndiyo iliyokuwa rula.

*Mimi nimevutiwa na viumbe zaidi kuliko mchanga. Nianze na nini?*

Anza na jani la mchu, maana hapo vyote viwili vinakutana. Mikoko yenu haishughuliki na chumvi kwa namna moja. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, huizuia chumvi nyingi mizizini isipande. Mchu huiacha ipande na maji, kisha huitolea majanini kupitia tezi ndogo usizoziona kwa jicho. Maji hukauka, chumvi hubaki. Weka ulimi kwenye jani utaamini.

Sasa chagua saa. Alfajiri hutaona kitu zaidi ya vitone, kwa kuwa chumvi huvuta maji ya hewani na kuyeyuka unyevunyevu ukishapita asilimia 75, na asubuhi za delta huzidi hapo. Siku ya mvua usijisumbue. Nenda mchana, jua limeshakausha na upepo unavuma. Usilichume jani, ligeuze taratibu likiwa mtini na utafute upande ambao jua linapita kwa nyuma. Kwa jicho ni vumbi jeupe. Kwenye lenzi utaona vijisanduku: pembe mraba, kuta zilizonyooka, vingine vimeshikana ubavu kwa ubavu, vingine vimekaa peke yake pembezoni mwa mshipa wa jani. Hayo ni madini kamili, chumvi ileile ya jikoni, imetengenezwa na mti ulio hai mbele yako. Ningekuwa na nafasi ya kupiga picha moja tu Maparoni, ningepiga hiyo.

Ukitaka fuwele kubwa, zioteshe mwenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, lakini ya delta yamechanganyika na ya mto, kwa hiyo chota upande wa nje, wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamejaa. Yachuje kwa kitambaa, yamwage kwenye sahani mbili. Moja ianike juani: maji yatakauka haraka na juu yake yataelea mapiramidi madogo yaliyo wazi, yenye ngazi zinazoshuka kuelekea katikati, kwa sababu kingo za fuwele hukua haraka kuliko uso wake. Nyingine ifunike kitambaa chepesi na uiache ndani. Itachukua siku nyingi, ila utapata vijiwe vya mchemraba safi. Angalia pia zile sindano nyembamba zinazotangulia kuganda chini ya sahani kabla ya chumvi yenyewe. Hizo huwa ni jasi. Chumvi ipigwe juu ya kitambaa cheusi, mwanga utoke nyuma. Ukiipiga juu ya karatasi nyeupe itapotea.

*Na lile tope jeusi linalonuka? Mama anasema nisiingie nalo ndani.*

Mtii mama, lakini pigia picha nje, tena haraka. Harufu ile ya yai viza ni ya gesi ya salfa. Chini ya tope hakuna hewa, kwa hiyo bakteria hutumia salfa iliyomo kwenye maji ya bahari badala ya oksijeni. Salfa hiyo hukutana na chuma kilicholetwa na mto, na mchanganyiko wake ndio weusi unaouona. Baadaye sehemu yake hugeuka kuwa pairaiti, madini yaleyale ambayo mahali pengine huokotwa yakiwa na rangi ya dhahabu. Huku punje zake ni ndogo mno kwa lenzi ya simu. Kinachopigika ni mabadiliko. Kata bonge jipya, liweke ubaoni kivulini, piga picha palepale, kisha rudia kila baada ya muda bila kusogeza simu wala bonge. Hewa itakula ule weusi, uso utageuka kijivu, kisha kahawia ya kutu. Panga picha zako kwa mfuatano, utakuwa na kitu ambacho wengi hukisoma vitabuni tu.

*Kaa wenye gando moja kubwa wananikimbia kabla sijafungua kamera.*

Wanakimbia mwendo na kivuli. Maji yakianza kupwa, chagua eneo lenye matundu mengi, kaa chini kabisa, kivuli chako kikiwa nyuma, na utulie. Watachungulia, watarudi ndani, watachungulia tena, mwishowe watakusahau. Dume ndiye mwenye gando kubwa, hulipunga kuwaita majike na kuwatisha wenzake. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa mikono yote miwili. Shusha simu hadi usawa wa macho yake. Picha za kaa zilizopigwa mtu akiwa amesimama zote hufanana, na hazipendezi.

Ndege ni habari nyingine, simu haiwawezi isipokuwa wakiwa kundi. Kuanzia Septemba hadi Aprili delta hupokea sululu na vitwitwi wanaotoka kaskazini ya mbali, na yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, ambaye hutaga mashimoni kwenye mchanga wa Ghuba na nchi za Uarabuni. Wapige wakiwa mbali, na usiwarushe kwa makusudi ili upate picha ya mabawa. Wanakula ili wapate nguvu ya safari ya kurudi.

*Nikiokota punje nzuri au jiwe, ni langu? Na nahitaji kibali cha kupiga picha?*

Kwa Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini ni mali ya Jamhuri, na kuyanunua au kuyauza bila leseni ni kosa. Kijiko cha mchanga cha kupigia picha hakitakuletea polisi, lakini ukianza kukusanya na kuuza, nenda kwanza Tume ya Madini. Mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu, kwa hiyo usikate tawi kwa ajili ya picha. Ukiingia kijiji kisicho chako, pitia ofisi ya serikali ya kijiji ujitambulishe. Hata ungekuwa na barua kumi, watu wa huko hawapendi mgeni anayezunguka vichakani na kamera bila salamu, na wana sababu zao. Droni haiendi bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Jambo moja la pembeni, kwa wanaoamini picha za angani ni mambo ya juzi. Delta hii ilipigwa picha kutoka kwenye ndege mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakiisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko. Ilizamishwa Julai 11 mwaka huohuo.

*Sijasoma jiolojia. Kuna atakayezijali picha zangu?*

Wilson Bentley alikuwa mkulima wa Vermont, Marekani, na aliishi kwenye shamba la familia yake. Mwaka 1885 alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha ya fuwele ya theluji, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1931, akiwa amepiga zaidi ya 5,000. Wanasayansi walizitumia. Alichowazidi ni kwamba theluji ilikuwa ikimwangukia uani kwake, na wewe mchu uko uani kwako. Picha za viumbe zipeleke kwenye tovuti ya iNaturalist, watu watakusaidia majina. Za madini kuna Mindat. Kila picha iandikie tarehe, mahali na hali ya maji, yakijaa au yakipwa. Picha nzuri isiyo na mahali haimsaidii mtafiti yeyote.

*Chumvi imeniulia simu moja tayari. Nifanyeje?*

Ukitoka majini, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kidogo, kisha kikavu. Usipulize lenzi kwa mdomo. Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha asibadilishe akiwa ndani ya mtumbwi.

*Niko Dar es Salaam, nataka kuja. Siku gani nzuri?*

Njoo wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukauka kabisa kama saa nne asubuhi, fungu la mchanga liko wazi na kaa wote wako nje, jua bado halijawa kali. Fika bandari ya Nyamisati, unapopandia boti, siku moja kabla, maana saa hiyohiyo inayokufaa wewe ndiyo inayokwamisha boti kwenye mikono ya mto. Ulizia wenyeji sehemu zenye mamba na viboko kabla ya kushuka topeni, na uvae viatu vya kufunga.