Kompyuta ya Zamani na Windows 11: Inawezekana? Inafaa?



Ndugu wasomaji, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Wengi wetu tunatumia kompyuta mpakato za mitumba, na tukijaribu kuweka Windows 11 tunaambiwa kompyuta haina sifa. Darasani tunafundishwa kutenganisha maswali mawili: je, jambo linawezekana? Na je, linafaa? Tuyachukue moja moja.

1. Kwa nini inakataa?

Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo hutunza funguo za siri, pamoja na Secure Boot, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Tena, karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8 hazimo katika orodha yao. Ndiyo maana kompyuta yenye nguvu ya kutosha huweza kukataliwa.

2. Je, inawezekana?

Mara nyingi, ndiyo. Programu ya bure iitwayo Rufus huandaa flashi ya GB 8 na kuondoa ukaguzi huo. Lakini kuna mpaka: tangu toleo la 24H2, prosesa za zamani sana, kama Core 2 Duo, haziwezi kuiwasha kabisa.

Mimi nilifanya hivyo wakati wa likizo, bila kuweka nakala ya mafaili yangu. Betri yangu ilishakufa, nategemea umeme wa ukutani, nao ukakatika katikati ya kazi. Ilibidi nianze upya, na sura mbili za insha yangu zikapotea. Programu haikuwa na kosa. Uzembe ulikuwa wangu.

3. Je, inafaa?

Microsoft yenyewe inaonya kwamba kompyuta isiyo na sifa haina haki ya kupata masasisho, hata yale ya usalama. Basi tazama kilichomo ndani. Yangu ina insha. Ikiharibika naumia mimi. Lakini katibu wa parokia yetu aliponiomba niifanyie hivyo kompyuta ya ofisi, yenye kumbukumbu za ubatizo na ndoa, nilikataa. Kumbukumbu hizo ni za waamini; sikuwa na haki ya kuzibahatisha. Tulinakili kila kitu kwenye diski mbili, kisha tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoendelea kupata masasisho. Wiki ya kwanza aliniuliza kila siku, “Frateri, vitufe vyangu umevipeleka wapi?” Sasa amezoea.

Hitimisho

Ukiamua kuendelea, nakili mafaili kwanza, hakikisha umeme, na uanzie ndani ya Windows 10 ili ubaki na mafaili na programu zako. Usiporidhika, una siku 10 za kurudi nyuma. Lakini kabla ya yote jiulize: kompyuta hii imebeba mali ya nani?