Kuibua TB bila eksirei

Daktari, zahanati yetu haina eksirei wala mashine ya GeneXpert ya kupima makohozi. Wagonjwa wa TB tutawaibuaje?

Kwa kuuliza. Mhudumu apite kwenye foleni asubuhi, amuulize kila mmoja: unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umepungua? Aliyekohoa wiki mbili atoe makohozi. Anayeishi na VVU asingojeshwe hizo wiki mbili. Hata kikohozi cha jana kinahesabika. Wengi hutuponyoka kwa sababu wamekuja kutibiwa goti na hakuna aliyewauliza habari za kifua.

Wengine hutuletea mate matupu.

Basi walipewa kikopo bila maelekezo. Avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani, nje penye hewa, mbali na watu. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, maana vifuniko hubadilishana maabara.

Hadubini isipoona vimelea, tumruhusu aende?

Hapana. Hadubini huhitaji vimelea kati ya 5,000 na 10,000 hivi katika mililita moja ili kuviona, na watoto na wenye VVU mara nyingi hawafikishi idadi hiyo. Kama hospitali ya wilaya ina GeneXpert, kikopo kipande bodaboda, mgonjwa abaki nyumbani. Majibu hutoka kwa saa mbili hivi, pamoja na taarifa ya usugu wa rifampisini.

Na wale panya wa Morogoro?

Watu hucheka, lakini kazi yao ni ya kweli. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi ambayo vimelea vyake vimeshauawa kwa joto. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20. Fundi wa maabara mwenye hadubini huweza kuchukua siku nne. Panya akiganda na pua yake juu ya tundu lenye sampuli, sampuli hiyo hurudiwa maabara. Hupewa hata zile ambazo kliniki zilishasema ni safi, na huko ndiko faida yao ilipo.

Asiyekohoa hana TB?

Hapo ndipo maswali yetu yanapoishia. Tafiti za kitaifa katika nchi nyingi zimekuta karibu nusu ya wenye TB hawana dalili za kueleza. Kwa hiyo wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wafuatwe, wakohoe wasikohoe. Kwa mtoto mchanga tazameni kadi ya kliniki: uzito ukigoma kupanda, mpelekeni. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi, kinyesi chake hupimika kwenye GeneXpert.