Unapika Nyumbani na Kuuza? Jua Kwanza Mlango wa Kubisha

Mpishi wa maandazi na mpishi wa siagi ya karanga wanaweza kuishi nyumba moja na kupokezana jiko lilelile. Mbele ya sheria za Tanzania Bara, hata hivyo, kila mmoja ana njia yake. Wa maandazi anaanzia kwa afisa afya wa kata. Wa siagi ya karanga hawezi kukwepa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Wajasiriamali wengi wanaozunguka ofisi hadi ofisi na kurudi mikono mitupu walianza safari bila kuijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo kabla hujauliza ada, jiulize swali moja: chakula changu kitaliwa leo, au kitakaa rafuni?

Kundi la kwanza: chakula cha kuliwa leo

Hapa wamo maandazi, vitumbua, chapati, sambusa, pilau ya kupeleka maofisini, supu, na keki ya kuagizwa kwa sherehe. Mlaji anakipokea kikiwa tayari na anakila siku hiyo au kesho yake. Msimamizi wako wa karibu ni halmashauri kupitia afisa afya, yule ambaye mitaani tunamwita bwana afya au bibi afya. Anatumia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 pamoja na sheria ndogo za halmashauri yako. Sheria ndogo hutofautiana, kwa hiyo usichukue maelezo ya rafiki wa Mwanza ukayatumia Kinondoni.

Kundi la pili: chakula cha kufungashwa

Hapa wamo siagi ya karanga, achari, jamu, unga wa lishe, viungo vya pilau vilivyosagwa, asali, ubuyu wa pakiti na juisi ya chupa. Chakula hiki kinasafiri bila wewe. Atakayekifungua wiki tatu baadaye hajui jiko lako lilivyo, anaitegemea lebo tu. Ndiyo maana TBS inataka kulijua jengo unakotengenezea na kuipima bidhaa yenyewe.

Ukisikia mtu anakuelekeza TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ujue maelezo yake yamepitwa na wakati. Tangu Julai 1, 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamia TBS. Taasisi ya zamani ilibaki na dawa na vifaa tiba, na sasa inaitwa TMDA.

Makaratasi, kwa mpangilio usiokupotezea nauli

1. Anzia serikali ya mtaa au kijiji. Chukua barua ya utambulisho inayoonyesha unakoishi na shughuli unayotaka kufanya. Kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba, na ridhaa yake iwe kwenye maandishi. Biashara nyingi za nyumbani hufia hapa, pale moshi na wateja vinapoanza kuwakera wapangaji wenzako.

2. Nenda kwa afisa afya wa kata kabla hujanunua vifaa. Mweleze unachotaka kupika na umwombe aje kuliona jiko. Akikwambia dirisha linahitaji wavu, utauweka kwa fedha ambayo bado hujaimalizia kwenye oveni.

3. Pata namba ya mlipakodi, TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA. Hailipiwi. Utahitaji namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIDA.

4. Sajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, kama unataka jina tofauti na lako. Kwa bidhaa ya kufungashwa, fanya hivi kabla ya kuchapisha lebo, maana ukikuta jina limeshachukuliwa lebo zote zitakuwa hasara.

5. Uliza leseni ya biashara halmashauri, au kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kama mauzo yako ni madogo.

Malipo yote ya serikali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, unayolipia benki au kwa simu. Anayetaka umpe fedha mkononi "akusaidie kuharakisha" hakupi kibali chochote. Mwombe namba ya malipo, na risiti uitunze.

Afya ya mpishi

Yeyote anayegusa chakula cha kuuzwa anatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita na kupewa cheti. Wewe umo, na msaidizi wako na binamu anayekuja kusaidia kukanda siku za oda kubwa wamo pia. Wapimaji hutafuta magonjwa yanayoweza kupita kwenye chakula na hewa, kama homa ya matumbo, minyoo na kifua kikuu. Andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni, kwa kuwa cheti kilichoisha muda hakikusaidii mkaguzi akibisha hodi.

Maofisa hawa wana sababu ya kuwa wakali. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi nchini, na maji na chakula visivyo salama ndivyo vilivyokipitisha. Mtu mmoja anayeharisha na asiyenawa vizuri anaweza kuwaambukiza wateja wake wote kwa sinia moja la kachumbari.

Jiko lenyewe

Afisa atatazama mambo yanayoonekana kwa macho. Sakafu na kuta zinasafishika? Maji safi yanatoka wapi, na yanahifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko? Kuna mahali pa kunawia penye sabuni? Taka zinafunikwa? Choo kiko mbali na chakula? Kuku na paka wanaingia? Unga umewekwa juu ya kichanja au umelazwa sakafuni? Ubao wa kukatia nyama mbichi ndio huo huo wa kukatia saladi?

Kwa chakula cha kufungashwa masharti ni makali zaidi. Chumba cha uzalishaji kitenganishwe na maisha ya familia. Hakiwezi kuwa chumba ambacho usiku watu wanalala. Wengi hulimaliza suala hili kwa kutenga chumba cha uani chenye mlango wake, sakafu ya saruji laini au vigae, dari, na wavu madirishani. Kama nyumba hairuhusu, ulizia maeneo ya kazi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, au jiungeni watu watatu wanne mkodi chumba kimoja na kupangiana siku.

Pilau ya saa saba mchana

Hapa ndipo chakula cha kuliwa leo kinapomgeuka mpishi. Tuseme una oda ya sahani 40 za kupeleka ofisini saa saba mchana. Ukiipua pilau saa kumi alfajiri ili uwahi shughuli nyingine, itakuwa imekaa saa tisa kabla ya kuliwa. Ndani ya wali huishi bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo.

Kanuni ni hii: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi joto 60, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo alfajiri fanya maandalizi tu: menya vitunguu, saga viungo. Nyama ichemshwe muda mfupi kabla ya mchele. Mchele uingie sufuriani saa nne, uipue saa tano na nusu na upakie mara moja kwenye hotpoti ulizozipasha kwanza kwa maji ya moto. Nunua kipimajoto cha chakula, ukichome katikati ya sufuria na uandike namba kwenye daftari. Mteja akilalamika, daftari hilo litakutetea.

Njia ya TBS kwa mjasiriamali mdogo

Wengi huiogopa TBS kwa kudhani ni ya viwanda vikubwa. Kwa mjasiriamali mdogo mlango ni SIDO, yenye ofisi mikoani. Wataiangalia bidhaa yako, watakushauri au kukupa mafunzo, kisha watakupa barua ya utambulisho kwenda TBS. Kwa barua hiyo, katika hatua za mwanzo serikali hubeba gharama za kupata alama ya ubora. Wakaguzi watafika kuona jengo, watachukua sampuli kwenda maabara, na bidhaa ikikidhi kiwango utapewa leseni ya kutumia alama.

Kuchapa alama ya TBS kabla ya kupewa leseni ni kosa chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Usimsikilize mchapaji anayekwambia aiweke tu "ionekane ya kisasa".

Lebo isemayo kweli

Chukua chupa ya siagi ya karanga. Mbele ya lebo kuna jina la chakula, Siagi ya Karanga, na uzito halisi, tuseme gramu 400, bila kuhesabu uzito wa chupa. Nyuma kuna viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo: karanga, sukari, mafuta ya alizeti, chumvi. Chini yake kuna jina la biashara, mtaa na mji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na maelezo ya kuhifadhi: weka mahali pakavu, funika baada ya kutumia.

Namba ya toleo hudharauliwa sana, lakini ndiyo itakayokuokoa. Ukigundua karanga za Jumanne zilikuwa na unyevu, utarudisha chupa za Jumanne pekee badala ya mzigo wa mwezi mzima.

Usiandike kwamba chakula chako kinatibu kisukari, presha au upungufu wa nguvu za kiume. Chakula ni chakula, na madai ya tiba yanaweza kukuletea kesi.

Karanga, mahindi na achari: usicheze

Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki, chanzo kikiwa mahindi yaliyoota ukungu. Kukaanga na kupika kwa kawaida hakuimalizi sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinaruhusu sumukuvu isiyozidi maikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Silaha yako ni kuchagua kabla ya kusaga: mimina karanga kwenye ungo mweupe penye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu. Ulizochambua zitupwe kabisa. Usimpe kuku wala usimuuzie jirani. Anayesaga unga wa lishe ajihadhari mara mbili, kwa sababu mlaji wake ni mtoto.

Kwenye achari na chatine, asidi ndiyo mlinzi. Kipimo cha asidi, pH, kisizidi 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa botulinamu anaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa. Tumia siki au ndimu ya kutosha na upime kila toleo. Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta usikiuze kama bidhaa ya rafuni.

Kodi na vifungashio

Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kilipoanza Desemba 2018 kiliwekewa ukomo wa mauzo ya shilingi milioni 4 kwa mwaka, na chini ya kiwango hicho mfanyabiashara mdogo hatozwi kodi ya mapato. Milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku, yaani maandazi 55 ya shilingi 200. Wengi huvuka hapo bila kujua. Andika mauzo kila jioni. Asiye na kumbukumbu hukadiriwa kodi na TRA.

Kumbuka na vifungashio: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Mpe mteja mfuko wa karatasi au kitambaa.

Kama uko Zanzibar au Kenya

Zanzibar, chakula kiko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na viwango viko chini ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Kenya, anzia ofisi ya afya ya umma ya kaunti kwa cheti cha anayeshughulikia chakula, ambacho nacho ni cha miezi sita, na kibali cha biashara. Bidhaa ya kufungashwa inaenda kwa shirika la viwango la Kenya, KEBS. Swali la kwanza halibadiliki: kinaliwa leo, au kinakaa rafuni?

Ndugu mpishi, usisubiri mkaguzi aje kukukuta. Wiki hii, chagua chakula kimoja tu, kiandike kwenye karatasi pamoja na viambato vyake na namna unavyokipika, kisha uende na karatasi hiyo kwa afisa afya wa kata. Anayewalisha watu amebeba maisha yao, na kibali ni ahadi kwamba anaujua uzito huo.