Karibu, Kurbani na Sadaka: Funzo Kutoka Historia ya Mayahudi

Mgeni apigapo hodi katika nyumba yoyote ya Tanga, Pangani au Muheza, hujibiwa "Karibu." Neno hili tumelizoea mno hata hatuulizi asili yake. Limetoka katika Kiarabu, na katika shina hilo hilo limetoka neno kurbani, yaani kitu akitoacho mja ili apate kumkaribia Mwenyezi Mungu. Kiebrania, lugha ya Taurati, ni ndugu wa Kiarabu, nacho huiita dhabihu ya madhabahuni "korban", kwa maana ile ile ya kukaribia.

Mtu anayeanza kusoma kitabu cha Mambo ya Walawi hukutana na mafahali, kondoo, njiwa, damu na moshi, naye huuliza: Je, Mungu huona njaa? Jibu limo ndani ya neno lenyewe. Korban si chakula cha Mungu. Ni mwendo wa mwanadamu kuelekea kwa Mola wake. Kurani Tukufu nayo yatufundisha katika Sura Al-Hajj kwamba nyama na damu hazimfikii Mungu, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wetu.

Wako waliodhani kwamba maneno ya Kiarabu katika Kiswahili ni pazia linalomzuia msomaji asiifahamu Biblia. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi katika milima ya Usambara, alitoa Biblia ya Kiswahili mwaka 1937 akijitahidi kupunguza maneno ya namna hiyo. Lakini nabii, malaika, roho, nafsi, baraka na sadaka yote yana ndugu zao katika Kiebrania. Mara nyingi, basi, neno lililodhaniwa kuwa pazia ndilo mlango.

Sasa tutazame jambo lililowapata Mayahudi. Taurati iliwaamuru watoe dhabihu mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa Hekalu la Yerusalemu. Mwaka 70 majeshi ya Warumi, yakiongozwa na Tito, yaliuteka mji na kuliteketeza Hekalu. Madhabahu yakaanguka, kazi ya makuhani ikakoma. Hebu fikiri, ndugu, jinsi swali lilivyowachoma: ikiwa njia ya kumkaribia Mungu imevunjwa, je, Mungu amekwenda mbali?

Yasimuliwa katika mapokeo yao kwamba mwanachuoni Yohanan ben Zakkai alikuwa akitoka Yerusalemu pamoja na mwanafunzi wake Yehoshua. Yehoshua alipoyaona magofu alilia, akihuzunika kwamba mahali pa kufutiwa dhambi pameharibika. Mwalimu wake akamtuliza kwa kumwambia kwamba iko njia nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni matendo ya huruma. Alitegemea maneno ya nabii Hosea, aliyekuwa amekwisha kufundisha zamani kwamba Mungu hupenda huruma kuliko dhabihu. Yohanan akaendeleza mafundisho katika mji wa Yavne, na dini yao haikufa pamoja na jengo lao.

Katika matendo hayo imo sadaka, ambayo kwa Kiebrania huitwa "tsedaka". Angalia vizuri: shina la neno hilo kwao lina maana ya haki. Maana yake, maskini anapopewa hapewi fadhili tu, hupewa haki yake. Kwa hiyo Taurati humwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, wala asirudie mganda aliousahau, kwani huo ni wa mgeni, yatima na mjane. Mwenye shamba la machungwa huko Muheza aweza kujiuliza: Je, katika mavuno yangu iko pembe isiyo yangu?

Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alizipanga daraja za sadaka zikawa nane. Ya chini kabisa ni ya yule atoaye kwa uso wa kununa. Ya juu kabisa ni kumshika mkono mtu aliyeanguka, kwa kumkopesha, kushirikiana naye katika biashara au kumtafutia kazi, ili asihitaji tena kuomba.

Ndugu msomaji, pengine wewe umetengwa na jamaa zako kwa ajili ya imani. Pengine hukaribishwi tena katika nyumba uliyozaliwa, wala mahali ulipozoea kusali, nawe waona kama madhabahu yako yamevunjwa. Usikate tamaa. Kilichoharibika ni mahali. Mwenyezi Mungu hakuhama. Anza kumkaribia kupitia kwa yule aliye mhitaji kuliko wewe, hata akiwa ni katika wale waliokutenga.

Wanachuoni wa Talmudi walisema kwamba Hekalu liliposimama, madhabahu yalimfutia mtu dhambi. Sasa, meza yake ndiyo humfutia. Wafafanuzi wao wanaeleza kwamba ni kwa sababu ya wageni na maskini wanaolishwa mezani hapo. Sisi watu wa pwani tunayo desturi njema: tukila, na mtu akapita, twamwambia karibu. Basi tuhakikishe kwamba neno hilo halitoki mdomoni tu huku sahani imefunikwa. Akiketi mwenye njaa akala, karibu yetu imekuwa kurbani.