Kutoka Koo Hadi Kiharusi
Kijana wa Nkungu akifika na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, tuulize pia habari za koo lake utotoni.

Maambukizi ya koo ya streptokoki yasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili hushambulia vali za moyo. Vali ya mitrali ikikakamaa na kubana, damu hurundikana, chumba cha juu cha kushoto hutanuka na umeme wake huvurugika. Badala ya kujikamua, hupapatika. Hiyo ndiyo fibrilesheni ya atria. Damu iliyotuama huganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi.

Upasuaji wa vali ni safari ya Kigali. Penisilini ipo kituo cha afya. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Tusidharau koo la mtoto.