Taksi za Kampala: Somo kwa Msafiri Atokaye Mpakani

Katika toleo hili tumechagua somo la usafiri wa ndani ya jiji la Kampala. Sababu ni kwamba malalamiko mengi tunayoletewa na wasafiri wa wilaya yetu hayahusu basi lililowatoa Kasese. Yanahusu ile saa moja ya mwisho, baada ya kushuka jijini na kutafuta taksi ya kuwafikisha waendako.

Tumfikirie mama aliyeshuka kutoka milima ya Mahango akiwa na mtoto mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya Mulago. Ameuza kahawa, na fedha zote amezifunga ndani ya kitenge. Basi la usiku linamshusha alfajiri, giza halijaondoka. Kabla hajatua mzigo, kijana mmoja ameshaupokea na kumwambia, "Mama, Mulago ni hapa, gari linaondoka." Gari hilo halimo kituoni, limesimama kando ya barabara, na ndani yake wamekaa watu watatu watulivu mno. Mama anaingia. Kinachofuata tumekisikia mara nyingi kwenye meza zetu, na mara nyingi anayekisimulia hana hata nauli ya kurudi nyumbani.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili linawezekana, yafaa kujua mfumo wenyewe ulivyo. Kampala haina shirika moja la mabasi linaloendesha usafiri wote wa mjini. Wazee wanayakumbuka mabasi makubwa ya Uganda Transport Company, yaliyojulikana kwa jina la UTC. Hayo yalififia, na nafasi yake ikachukuliwa na gari dogo la abiria 14 ambalo sisi huliita taksi, Wakenya huliita matatu na Watanzania daladala. Machi 2012 kampuni ya Pioneer Easy Bus ilileta mabasi makubwa 100 katika jiji hilo, lakini mwishoni mwa 2013 huduma hiyo ilisimama katika mgogoro wa kodi, na abiria wakarudi kwenye taksi.

Kila taksi ina mwenyewe, dereva wake na kondakta wake, na mapato ya siku hutegemea idadi ya vichwa vilivyopakiwa. Hakuna ratiba: gari huondoka likijaa. Nauli nayo hupanda mvua ikinyesha au jioni watu wanaporudi makwao. Linganisheni na Dar es Salaam, ambako tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi hupita katika njia yao wenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni, na abiria hulipia tiketi kituoni kabla ya kupanda. Pale mgeni huona kituo, njia na malipo kwa macho yake. Kampala mgeni hutegemea neno la mtu asiyemjua, na hapo ndipo mwizi huingia.

Basi afanye nini? Apande taksi ndani ya kituo cha taksi au kwenye steji inayotambulika, wala asipande gari lililomwita barabarani. Akishuka usiku, abaki ndani ya kituo cha basi hadi kupambazuke. Kuchelewa kwa saa mbili ni hasara ndogo. Nauli aiulize kabla ya kuketi, na amuulize abiria mwingine, si kondakta peke yake. Fedha ya safari iwe mbali na fedha ya matibabu, ili asifungue kitenge mbele ya watu. Chenji aidai mapema, kwa kuwa kondakta wengine humpa noti moja abiria wawili na kuwaambia wagawane chini, na yule mgeni ndiye hubaki akizunguka kutafuta chenji.

Kuna hila moja tunayotaka ijulikane hadi kwa watoto. Ndani ya gari la wezi, abiria wa uongo humwambia mgeni kwamba mlango haufungi, ausaidie kuushika. Au humhamisha kiti mara mbili tatu, wakimwambia trafiki yuko mbele. Mikono yake ikishughulika, mifuko yake inapekuliwa. Kisha husemwa gari limeharibika, naye hushushwa kwa adabu kabisa, hata hushukuru. Ukihamishwa kiti bila sababu, paza sauti na udai kushuka penye watu. Shika kichwani namba ya gari, kisha upige 999 au 112. Bila namba ya gari, wenzetu wa Kampala huanza uchunguzi gizani.

Jambo la pili ni mizigo. Tarehe 25 Oktoba 2021 bomu lililipuka ndani ya basi huko Lungala, wilaya ya Mpigi, katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Tangu hapo ukaguzi wa mizigo umekuwa mkali zaidi, na tunajua kwamba msafiri atokaye mpakani hujiona anashukiwa kwa sababu ya atokako. Lawama hiyo tumeisikia, na askari anayemtukana mtu kwa kabila lake au kwa lafudhi yake amevunja nidhamu ya jeshi letu. Lakini usikubali kubeba kifurushi cha mtu usiyemjua, hata akikulipa nauli yote. Hilo hutokea Mpondwe zaidi ya mnavyodhani.

Tusiiseme Kampala tukajisahau. Katika barabara ya Kasese kwenda Bwera magari madogo hupakia watu wawili kiti cha mbele, na wakati mwingine mmoja huketi pamoja na dereva, mguu wake ukigusa gia. Kenya ilipoanza kutekeleza kanuni za waziri John Michuki Februari 2004, matatu zililazimika kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na abiria wasiozidi viti vilivyopo. Wenye magari waligoma, abiria wakatembea kwa miguu siku kadhaa, na hata hivyo kanuni zikashika kwa muda, kwa sababu abiria wenyewe walianza kukataa kupakiwa kupita kiasi. Mtasema askari wa barabarani huliona gari lililojaa na kuliachia baada ya kupokea kitu kidogo. Anayeliona hilo aandike namba ya gari, mahali na saa, kisha alete taarifa kwa kamanda wa polisi wa wilaya au kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu ya askari. Taarifa yenye saa na mahali hufuatiliwa. Ile isemayo tu kwamba "polisi wote ni hivyo" hatuna pa kuipeleka.